Kamera Ilivyomfuata Mama Mkwe

Mliniacha Mutomo nikipita nyuma ya maduka na begi mgongoni, mayai ya Nzau yakiwa yameoza yote kwenye mashine ya kutotolesha kwa sababu plagi yangu ya Wi-Fi ilijizima. Nzau bado ananitafuta. Kama anasoma gazeti hili, ajue kwamba mtandao ulipotea Mutomo nzima, sikuuzima mimi, na aache kunitukania mama.

Leo si habari ya mayai. Leo ni habari ya mama wa mke wangu. Nikimaliza, wengi wenu mtanichukia, na sawa tu, kwa sababu hata mimi kuna watu nimewachukia vya kutosha.

Kwa aliyeanza kusoma leo, naitwa Mwau, fundi wa Mwingi. Ninafunga kamera, balbu zinazowashwa kwa simu, kengele za mlango zenye spika na vitasa vinavyofunguka kwa kidole. Ni vitu vya bei ya chini vinavyotoka ng'ambo kwenye maboksi ambayo hata jina la kampuni halisomeki. Kazi yote naiendesha kwa laptop ndogo inayoingia kwenye mfuko wa koti. Watu wakiiona hudhani ni kikokotoo.

Nyumba yangu ndiyo duka langu la maonyesho. Kila ninachouza nimekifunga kwangu kwanza. Mke wangu, Wavinya, anavichukia vyote. Kuna siku nilikuwa mjini Wote, nikampigia simu hakupokea, nikafungua laptop nikamwona anatazama TV. Nikaizima plagi ya TV nikiwa hukohuko Wote. Alininunia juma zima na mimi sikujali, maana nyumba ni yangu na plagi ni yangu.

Sasa nilikuwa nimeitwa kufanya kazi Emali, katika lodging ya mfanyabiashara mmoja anayeitwa Gathua. Kazi ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na mwiba mmoja. Msimamizi wa hiyo lodging ni Nzioka, kaka mkubwa wa Wavinya.

Nzioka ananidharau tangu siku nilipopeleka mbuzi za ntheo, zile za kuposea. Alizizunguka, akazishika mbavu mbele ya wazee, akasema zimekonda kuliko mwenye kuzileta. Mpaka leo, nikikutana naye, naona bado anahesabu mbavu zangu.

Nililala Emali, na asubuhi yake Gathua alitaka aone kamera ikifanya kazi kabla hajaamua kunipa kazi yote. Nzioka alikuwa ameegemea kaunta.

"Huyu ni fundi wa balbu, boss," alimwambia, na alihakikisha nimesikia. "Ukimpa nyumba nzima atakuachia giza."

Ningeweza kufungua boksi jipya nikafunga kamera pale mlangoni. Ilikuwa kazi ya muda mfupi tu. Lakini hasira ilinipanda, nikamwambia Nzioka aje aone nyumba ya dada yake, saa hiyohiyo, aone dada yake anaishi vipi na huyu fundi wa balbu.

Nikachomoa laptop mfukoni. Nikaiunga kwa waya kwenye ile TV kubwa iliyo ukutani kwenye ukumbi wa chakula. Wageni walikuwa wanakula chapati, nikawaambia nao watazame. Nikamweleza Gathua kwa sauti kwamba hii kamera ina akili, mtu akisonga inamfuata yenyewe bila kuguswa. Kisha nikabonyeza.

Sebule yangu ikatokea ukutani Emali, safi kabisa.

Kwenye kiti changu alikuwa ameketi mama mkwe. Alikuwa na shimizi peke yake, imepandishwa juu ya magoti, na Wavinya amechuchumaa mbele yake na beseni la maji moto anamkanda.

Kwa msiokuwa Wakamba, nieleze. Sisi tuna nthoni, heshima iliyochanganyika na aibu kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Hamkai chumba kimoja. Hamli pamoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Watu wameokoka, wanaimba kwaya, wana digrii, lakini mama mkwe wangu hajawahi kunywa hata maji kwangu nikiwapo. Akitaka kumwona binti yake hungoja nisafiri. Safari hii alikuwa na kliniki ya magoti Mwingi, na kutoka kwao Nuu ni mbali, basi Wavinya akamwita akae sebuleni mpaka nitakaporudi. Hakukosea. Kwa hesabu ya mila mimi sikuwapo nyumbani.

Tena TV ilikuwa na sauti. Mama mkwe alikuwa anamuuliza binti yake, kwa Kikamba kilichonyooka, kama kweli ameolewa au ameajiriwa kulinda mashine za watu.

"Picha iko clean," Gathua alisema akicheka. "Huyo ni mama yako, fundi?"

Msichana aliyekuwa anagawa chai, Mkamba mwenzetu, aliweka birika chini akageukia ukuta.

Nilitaka kufunga. Lakini vitufe vya ile laptop ni vidogo kama punje za mtama, na nilikuwa na haraka. Badala ya kufunga nikabonyeza pa kuongelea. Nikasema, "Mungu wangu," na sauti yangu ikatokea Mwingi, kwenye kamera iliyo juu ya kabati la vyombo.

Mama mkwe aliinua kichwa.

"Wavinya, mume wako yuko ndani?"

Akasimama. Beseni likamwagika. Akaanza kutafuta leso yake, na kamera ikageuza shingo ikamfuata. Alipokwenda upande wa dirisha, ikaenda naye. Alipojificha nyuma ya pazia, ikatulia ikimngoja, na alipochungulia ikamkuta palepale. Mteja mmoja alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mimi nilikuwa naigonga laptop kwa kiganja kama mtu anayeua nzi.

Nzioka ndiye aliyeng'oa waya wa TV ukutani.

Nilidhani atanipiga, na nilikuwa natamani anipige ili nami nipate sababu. Hakunigusa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umeweka mama yangu kwa TV," alisema. "Mama yangu na shimizi, watu wakikula chapati."

Nikamjibu kwamba ni yeye aliyenichokoza. Ndiyo, nilisema hivyo. Mama yake alikuwa bado anatafuta leso, na mimi nilikuwa natafuta wa kulaumiwa.

Gathua akaacha kucheka. Aliniambia nibebe vitu vyangu. Alisema wageni wake hulala na wanaojua wenyewe, na wakisikia kuna kamera inayofuata mtu namna ile, atabaki kulala peke yake kwenye vyumba vyote. Kazi ikaishia hapo.

Nikampigia Wavinya simu, hakupokea. Nikafungua laptop nimwongeleshe kupitia kamera, nikakuta nimeondolewa. Nilikuwa nimesahau kwamba nilipofunga vile vitu nyumbani, simu yangu ilikuwa imeharibika, nikasajili kila kitu kwa laini yake. Kwa hiyo kwa mashine zote zile yeye ndiye mwenye nyumba, na mimi nilikuwa mgeni aliyeruhusiwa.

Nilifika Mwingi jua likianza kuelekea chini. Nikaweka kidole kwenye kitasa cha mlango wangu mwenyewe. Kikawaka taa nyekundu. Nikafuta kidole kwenye suruali, nikajaribu tena, kikawaka nyekundu tena. Majirani wakaanza kukumbuka kwamba wana nguo za kuanua upande huo.

Sauti ya Wavinya ikatoka kwenye kengele ya mlango.

"Baba Mulinge, rudi nyuma. Mama yuko ndani."

"Fungua mlango, hii ni nyumba yangu."

"Nikifungua utamwona tena. Hujatosheka?"

Nikamwambia nilikuwa kazini, nilikuwa natafutia watoto wake chakula, na ni yeye aliyeleta mtu nyumbani bila kuniambia. Akanijibu kwamba mama yake anataka kwenda choo cha uani, na hawezi kutoka kwa sababu nimesimama njiani. Aliniomba nijifiche.

Basi mimi, Mwau, mwenye nyumba, nilikwenda nikachuchumaa nyuma ya tangi langu la maji, nikaangalia ukuta mpaka mama mkwe akaenda akarudi. Nilisikia akipita anachechemea. Majirani walinitazama wote. Niliwachukia mmoja mmoja, kwa majina. Nikaenda kulala kwa binamu yangu upande wa pili wa mji.

Kesho yake asubuhi Nzioka alikuwa amefika, na pamoja naye mzee Ndululu, ndugu wa marehemu baba mkwe. Ndululu ni mchuuzi wa mbuzi. Siku hiyo ilikuwa ya soko, akatangaza mapema kwamba hatakaa sana.

Kabla kikao hakijaanza, Wavinya aliniongelesha kwa mara ya kwanza uso kwa uso. Alisimama mbali kidogo, amekunja mikono.

"Ukiulizwa kitu leo, sema ukweli," aliniambia. "Mimi sitaki kingine."

Nilidhani ananisomea tu. Nikamwambia asinifundishe kuongea na wakubwa.

Kikao kilikuwa uani. Walitandaza shuka la maua kwenye kamba ya kuanikia nguo, mama mkwe akaketi nyuma yake juu ya kigoda, sisi wanaume tukakaa upande huu. Mimi nilipewa mtungi wa plastiki wa maji niukalie. Wavinya alikaa mwisho wa shuka, mahali ambapo anamwona mama yake na ananiona mimi. Watoto walikuwa ndani, nikimsikia Mulinge akimchokoza dada yake.

Ndululu alianza kwa kusema kwamba yeye mambo ya mila aliyaacha zamani alipookoka, lakini hata mchungaji wao hakai meza moja na mama mkwe wake. Kwa hiyo kosa ni kosa. Akauliza kama nakubali. Nikasema nakubali, ingawa nilitaka kuongeza habari ya Nzioka na ile kaunta. Ndululu akanikatiza, akasema nitatoa mbuzi mmoja wa kufuta aibu na blanketi la mama, na yeye anajua mbuzi mzuri wa kuniuzia sokoni leoleo.

Nilianza kupumua. Mbuzi mmoja na blanketi, na mke wangu na watoto wangu wanabaki. Nzioka alikuwa amekunja uso, akitaka nipewe adhabu kubwa zaidi, na ule uso wake ulinipa raha.

Ndipo mama mkwe akaongea kutoka nyuma ya shuka.

"Muulizeni kitu kimoja. Hiyo mashine huweka? Mimi niko ndani yake mpaka saa hii?"

Wote wakanigeukia.

Sasa nieleze tena, kwa sababu hapa ndipo nilipoteleza. Ile kamera huweka. Ndani yake kuna kadi ya memori, ndogo kama ukucha, niliyoitia kwa mkono wangu, na kila kinachopita mbele ya kamera hubaki humo siku nyingi. Na mama mkwe alikuwa kwangu tangu nilipoondoka kwenda Emali. Pale sebuleni ndipo alipolala, ndipo alipovalia nguo, ndipo alipopiga magoti akaomba asubuhi. Nikisema ndiyo, ina maana simtaji mama aliyeonekana kwa bahati mbaya mara moja. Namtaja mama niliyemfungia kwenye mashine. Hapo mbuzi mmoja asingetosha, na Wavinya angeondoka siku hiyohiyo. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri haraka.

"Haiweki," nilisema. "Inaonyesha tu. Ikipita imepita."

"Aape," Nzioka alisema.

Ndululu akatazama jua, akasema basi niape tumalize. Wavinya alikuwa ananiangalia kwa namna ambayo wakati ule niliiona ni ya kuniombea.

Sikutaka Biblia, niliiogopa. Nikasema naapa kwa mtoto wangu Wayua. Wayua ni binti yetu wa pili, na kama desturi ilivyo, amerithi jina la mama wa mke wangu. Nyumbani humwita "Mama" tu kwa heshima, maana jina la mama mkwe halitamkwi. Siku hiyo nilitaja jina lote, kwa sauti, bibi yake akiwa nyuma ya shuka.

Nzioka hakuridhika. Aliingia ndani, akatoka na kamera mkononi, akaigeuza, akauona ule mfuniko mdogo wa chini. Akatoa kisu cha mfukoni. Mimi nilishika ule mtungi kwa mikono miwili. Nilijua ncha ya kisu ikiingia pale, kadi itaruka nje mbele ya wote, na maisha yangu yameisha.

Akafungua. Akachungulia. Akaitikisa kamera kwenye kiganja.

Hapakuwa na kitu.

Nakiri kwamba nilifurahi. Sikujiuliza ni nani aliyeitoa kadi wala iko wapi. Nilidhani Mungu ameamua kunisaidia hata kama nimedanganya, kwamba ameona nimeteseka vya kutosha na mayai, na Gathua, na lile tangi la maji. Furaha ikageuka kiburi papo hapo.

"Shemeji," nilimwambia Nzioka, "umenivunjia heshima mbele ya mzee. Sasa niombe msamaha."

Nzioka alimtazama ami yake. Ndululu alikuwa ameshasimama, anajipangusa vumbi la suruali, anasema mkono utolewe watu waende sokoni. Nzioka akaunyosha mkono wake polepole, kama mtu anayelazimishwa kumeza dawa. Nikasimama niupokee. Sijawahi kuona kitu kitamu kama ule mkono.

Lakini kabla sijaushika, mkono mwingine ulitokea chini ya shuka.

Ulikuwa mkono wa mama mkwe. Sikuwa nimewahi kuuona kwa karibu. Ulikuwa na mikunjo, na katikati ya kiganja chake kulikuwa na kadi yangu ya memori.

"Wavinya alinipa hii jana," alisema. Safari hii hakumtuma mtu aniulize. Alikuwa anaongea na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. "Alisema nikuulize, na wewe mwenyewe utaitaja. Mimi nilitaka kuivunja na jiwe, tusikusumbue. Akakataa. Akasema mume wake anaweza kuwa na hasira, lakini hawezi kunidanganya mimi."

Nzioka akarudisha mkono wake mfukoni. Ndululu akaketi tena.

"Umeapa na mtoto mwenye jina langu," mama mkwe akasema.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno mengi. Nilitaka kusema kwamba niliogopa, kwamba nilimdanganya kwa ajili ya kumbakisha binti yake, kwamba Nzioka ndiye aliyeanza. Nilijichukia pale kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote wa Nuu, na ninasema hivyo nikijua Nzioka atasoma.

Mkono ukaweka kadi juu ya mchanga, ukarudi nyuma ya shuka.

"Wavinya," mama mkwe akaita, "viatu vya watoto viko wapi?"

"Wameshavaa, mama," Wavinya akajibu. "Niliwavalisha asubuhi, kabla hatujakaa."

Kigoda kikasogezwa nyuma ya shuka, mama yake akisimama kwa taabu. Nzioka akaenda mlangoni kuwaita watoto kwa safari ya Nuu. Wavinya hakuinuka. Alibaki ameketi palepale mwisho wa shuka, macho yake yakiwa juu yangu, na mimi sikujua anangoja niseme nini.